TUMPIME HATA ASIYESIMAMA
Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Uchindile



Leo tuna habari ya mwenye kiti. Hatusemi mwenyekiti wa kijiji, huyo mnamjua. Tunasema juu ya ndugu yetu anayetembea kwa kiti cha magurudumu. Tunauliza maswali matatu. Ale nini? Ale kiasi gani? Na uzito wake ataujuaje?

Somo hili tumelipata kwa mwanakisomo mwenzetu. Ametupa ruhusa tuseme habari zake, ila jina tuliache. Zamani alikuwa mpasua mbao. Siku moja mti ulimwangukia, uti wa mgongo ukaumia, miguu ikapooza. Aliporudi nyumbani kutoka hospitali, watu walimwonea huruma. Kila mgeni alikuja na kitu: huyu mchele, huyu sukari, yule kidumu cha ulanzi. Mama wa nyumba naye alimpakulia ugali ule ule wa zamani, mlima mzima, kama mtu anayekwenda kushika msumeno toka asubuhi mpaka jioni.

Sasa basi, msumeno haupo. Chakula kipo. Mwili ukaanza kunenepa. Kiti kikawa kinambana mapajani. Mkewe na kijana wao wakashindwa kumnyanyua kumpeleka choo. Na yeye, kwa kuona aibu, akaamua kupunguza kunywa maji ili asiwasumbue. Choo kikawa kigumu, mkojo ukawa unanuka, na kwenye kalio kikatokea kidonda.

Na sisi je? Sisi tuna kosa letu, tuliseme. Tulipopanga siku ya kupima afya za wanakisomo, mizani ilikuwa ile ya kusimama juu yake. Tuliwapima wote. Tulipomfikia yeye, tulimruka. Tulisema, "Wewe pole, huwezi kusimama." Akatutazama, akasema, "Mbona gunia la mahindi mnalipima, nalo halisimami lenyewe?"

Ndugu, tuliona haya. Siku ya pili tulikwenda ghalani, kwenye mizani ya sakafuni ya kupimia magunia. Hebu chukueni kalamu tufanye hesabu pamoja.

Yeye na kiti chake: kilo 104.
Kiti kitupu: kilo 19.
104 kutoa 19 ni 85.

Basi, uzito wake ni kilo 85. Hesabu ya kutoa tuliyojifunza darasani imefanya kazi ya daktari. Kiti kipimwe pamoja na mto wake, na nguo ziwe nyepesi. Apimwe mara moja kwa mwezi, tarehe iandikwe daftarini. Kama mizani ya namna hiyo haipo, azima futi ya fundi cherehani. Apimwe kiuno akiwa amelala chali, mahali pale pale kila mwezi. Namba ikipanda, mnajua.

KWA NINI ANANENEPA UPESI?

Misuli mikubwa ya mwili iko mapajani na makalioni. Mtu anayetembea na kulima anaitumia misuli hiyo kutwa nzima, nayo inakula nguvu nyingi. Ikilala, haili tena kama zamani. Kwa hiyo mtu wa kiti cha magurudumu hahitaji chakula kingi cha kutia nguvu kama mkulima mwenye jembe. Akila kile kile, kinachobaki kinageuka mafuta.

Uzito huo una madhara yake kwake kuliko kwa mwingine. Mabega yake ndiyo miguu yake. Yakiumia kwa kusukuma mzigo mkubwa, atakwendaje? Kalio lililokandamizwa halipati damu ya kutosha, ngozi inakufa. Na mtu asiyenyanyulika hufungiwa ndani. Hatoki kwenda mkutanoni, kanisani wala msikitini. Hilo ndilo tunalolipigania hapa. Si urembo wa mwili, ni uhuru wa kutoka nyumbani.

Lakini tusikosee njia. Dawa si kumnyima chakula. Kidonda hakifungi bila chakula cha kujenga mwili. Na mtu akikonda sana, mifupa inachoma ngozi kutoka ndani, naye hupata vidonda vile vile. Wapo wenye kiti wanaohitaji kuongezewa, si kupunguziwa. Ndiyo sababu tunasema: pima kwanza.

SAHANI YAKE

Mwaka 1973 wazazi wetu walisikiliza redio katika vikundi wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Mwaka 1975 ikaja Chakula ni Uhai. Mwaka huo wa 1973 ndipo pia ilipoundwa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania. Na mwaka 2023 taifa letu limetoa mwongozo wa ulaji wenye makundi sita ya chakula. Hayo makundi tunayo hapa hapa.

Igawe sahani kwa macho. Nusu nzima iwe mboga: mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga, mlenda. Robo iwe maharage, kunde, dagaa, au samaki wa Mto Kilombero kama perege na kambale. Yai nalo linafaa. Robo ya mwisho ndiyo ugali au wali, kama ngumi ya mlaji mwenyewe. Ugali wa dona ni bora kuliko wa sembe, maana makapi yake yanalainisha choo. Tunda liwepo: papai, embe, chungwa au ndizi.

Mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye chupa. Kijiko kimoja cha chakula kina nguvu kama kalori 120. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa.

Sasa sukari. Ndugu yetu alikuwa akinywa chai vikombe vitatu, kila kikombe vijiko vinne. 3 mara 4 ni vijiko 12. Kijiko ni kama gramu 5, kwa hiyo gramu 60 kwa siku. Kwa siku 30 ni gramu 1,800. Karibu kilo mbili za sukari kwa mwezi, mtu mmoja! Hapo mkewe alishika kichwa, maana bei ya sukari anaijua. Sasa anaweka kijiko kimoja. Ulanzi nao una nguvu zake, na ulevi humfanya mtu asahau kujigeuza. Yeye ameuacha.

Wageni nao tuwaombe. Ukienda kumjulia hali mgonjwa, si lazima ubebe sukari. Beba papai. Beba fungu la mboga. Au beba mikono yako, umsaidie kutoka nje.

MAJI, NGOZI NA MAZOEZI

Asipunguze maji kwa sababu ya choo. Dawa ni kutengeneza choo, si kukauka. Mkojo ukiwa wa rangi nyepesi, maji yanatosha. Anayetumia mpira wa mkojo afuate maelekezo ya zahanati. Kwa ndugu yetu tulijitolea siku moja, tukapanua mlango wa choo na kuweka ngazi ya mteremko. Sasa anakwenda mwenyewe, na maji anakunywa.

Akiwa kitini, kila baada ya dakika 15 hadi 30 ainame mbele au aegemee upande, ili kalio lipate damu. Asubuhi na jioni ngozi itazamwe, kwa kioo au na mtu wa nyumbani. Ukiona alama iliyobadilika rangi, yenye joto au ugumu, na haiondoki, asikalie mahali hapo, aende zahanati. Na kiti kikibana, kisema usemavyo, si kiti chake tena. Kiti kinapimwa kama suruali. Mafundi wa kazi hiyo wapo nchini. Chuo cha Moshi, TATCOT, kinafundisha mafundi wa viungo tangu mwaka 1981.

Mazoezi ayafanye kwa mikono. Asukume kiti kwa mikupuo mirefu ya pole pole. Anyanyue chupa mbili za mchanga. Akae mkekani apukuchue mahindi. Bega likiuma, apumzike.

Na kupungua kuwe kwa pole pole, nusu kilo kwa wiki isizidi. Anayepungua bila kutaka aende zahanati haraka.

Mnauliza, huyo mwenzetu yukoje? Mwezi wa tano toka tulipompima mara ya kwanza, tulirudi ghalani. Yeye na kiti: kilo 98. Toeni 19. Ni 79. Kilo sita zimeondoka. Kidonda kimefunga, ingawa kilichukua miezi na safari nyingi za zahanati. Hesabu hiyo aliiandika mwenyewe ubaoni, mbele ya darasa, sisi tumekaa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kitongoji chenu, nani hajawahi kupimwa uzito kwa sababu hawezi kusimama?
2. Mizani ya sakafuni iko wapi karibu nanyi, na nani ana ufunguo wa ghala?
3. Nyumbani kwenu vijiko vya sukari ni vingapi kwa siku? Pigeni hesabu ya mwezi.
4. Vyoo vya kijiji vina milango ya upana gani? Chukueni futi, mkapime.

Jibu la swali la nne mtuletee kwa maandishi.