Ramani ya Mwisho Ichorwe Kwanza: Mhadhara wa Umma Kuhusu Kuchimba Mawe kwa Awamu na Kuirejesha Ardhi



Sina ugomvi na kokoto. Ukumbi huu umejengwa kwa kokoto, na barabara mliyojia pia. Ninachokipinga ni ile desturi ya kuanza kuchimba pale lori linapofika kwa urahisi, kulifuata jiwe zuri popote linapoelekea, kisha kufunga virago jiwe likiisha. Shimo linalobaki hujaa maji ya masika, mbu huzaliana humo, na kuta zake zilizosimama wima huendelea kumomonyoka miaka mingi baada ya mashine kuondoka. Hoja yangu ni kwamba ramani ya mwisho, ile inayoonyesha ardhi itakavyokuwa siku ya kufunga, ichorwe kabla ya baruti ya kwanza, na kila awamu ya uchimbaji igharimie urejeshaji wake.

Wengi wenu mmefika Bamburi, kaskazini ya Mombasa. Kiwanda cha saruji kilianza uzalishaji pale mwaka 1954, kikichimba chokaa ya matumbawe ya kale. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alipoanza kuirejesha ardhi ile, alikuta sakafu ya mawe matupu, jua kali, na maji ya chumvichumvi kina kifupi tu chini yake. Alijaribu aina 26 za miti. Zilizostahimili ni 3: mnazi, damas ambao asili yake ni Somalia, na mvinje.

Mvinje ndio uliofanya kazi kubwa. Mizizi yake ina vinundu vyenye bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, hivyo huweza kumea mahali ambapo mti mwingine ungekufa njaa. Lakini majani yake membamba yaliyodondoka hayakuoza. Yalirundikana juu ya mawe, makavu na magumu. Jawabu likawa jongoo wa pwani, wale wenye miguu myekundu, waliokusanywa na kuachiwa chini ya miti. Waliyala majani yale, na vinyesi vyao vikawa mwanzo wa udongo. Leo ardhi ile tunaiita Haller Park, na watu hulipa kiingilio kuitembelea.

Nimewasikia watu wakiitaja Bamburi kama ushahidi kwamba unaweza kuchimba kwanza, ukafikiria kurejesha baadaye. Mimi naisoma kinyume chake. Ilihitaji mtu mvumilivu kupita kiasi, kampuni iliyokubali kulipa, na miaka mingi ya kazi ili kupata udongo mahali ambapo haukuwapo kabisa. Machimbo yetu mengi ya kokoto hayatampata Haller wao. Yatapata, tukiwa na bahati, mpango mzuri.

Mpango huo huanza kwa hesabu ndogo. Chukua hekta 1 ya chokaa, uichimbe ngazi moja yenye kimo cha mita 10. Hizo ni mita za ujazo 100,000, karibu tani 250,000 kabla ya kutoa upotevu. Krasha inayosaga tani 100,000 kwa mwaka itaimaliza hekta hiyo kwa miaka miwili na nusu. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuvua ngozi ya hekta 20 kwa mpigo mmoja. Gawa eneo katika vipande, ufungue kimoja kimoja.

Sasa tazama udongo wa juu. Ukiwa na kina cha sentimita 20, hekta ile ina mita za ujazo 2,000, yaani safari 200 za lori la mita za ujazo 10. Udongo wa kipande cha kwanza huwekwa kando, katika tuta la chini lisilozidi mita 2 hivi, kwa sababu ukirundikwa juu sana hukosa hewa ndani, na mbegu na kuvu vilivyomo hufa. Lakini unapofungua kipande cha tatu, cha kwanza kimeshakwisha. Udongo wa tatu unakwenda moja kwa moja kutandazwa kwenye cha kwanza, ungali hai, kwa safari moja badala ya mbili. Hapo ndipo faida ya awamu inapoonekana hata kwa mhasibu.

Kuta zinahitaji uamuzi wa mapema zaidi. Ukichimba wima hadi mpakani, mwamba wa kuulazia ukuta umeshauzwa. Itabidi ununue kifusi, na hakuna anayenunua. Ngazi za mwisho zipangwe zingali kwenye karatasi. Maji nayo yapimwe kwa visima vya uchunguzi angalau masika moja nzima. Ukitaka msitu, sakafu ibaki juu ya kiwango cha juu kabisa cha maji hayo. Ukitaka bwawa la samaki, sawa, lakini ukingo wake uwe mteremko wa taratibu, ili mtoto au mbuzi aliyetumbukia aweze kutoka kwa miguu yake.

Fedha ndiyo sehemu ngumu. Sheria ya Madini ya Kenya ya mwaka 2016 inaweka dhamana ya mazingira kwa wenye leseni, na naiunga mkono kanuni hiyo bila kusita. Ningependa kiasi chake kikadiriwe kwa ukubwa wa ardhi iliyo wazi wakati huo, na sehemu irudishwe kila kipande kinapokaguliwa na kukutwa kimeota. Mchimbaji atakuwa na sababu ya kupanda miti mwaka wa tatu, asingoje wa thelathini, wakati jiwe limekwisha na kampuni haina tena mapato pale.

Ninyi mnaoishi jirani na machimbo, mkiitwa kwenye mkutano wa kutoa maoni ya mradi mpya, msiridhike na ahadi ya ajira na zahanati. Ombeni kuonyeshwa ramani ya mwisho, yenye vimo, maji na miaka ya kila kipande. Na ninyi wenye mamlaka ya kutoa leseni, asiyekuwa na ramani hiyo msimpe.