Tusilihukumu Lori Kabla Hatujaliosha

(Maneno ya fundi wa ushirika mbele ya mkutano wa wanachama. Yameandikwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Nimepewa nafasi niseme juu ya lori letu. Msimu wa pamba uko karibu na maneno yamekuwa mengi. Wapo wanaosema liuzwe, injini imekwisha. Wapo wanaosema tuchangishane, injini ifunguliwe yote. Mimi nasema yote mawili ni fedha za wanachama, na hakuna hata moja lenye ushahidi. Injini imefunikwa na tope la oili na vumbi, nani kati yetu ameiona? Wengine wanaangalia saa ya kilometa. Jamani, saa ile ina tarakimu 5 tu. Ikifika 99,999 inarudi kwenye sifuri na kuanza upya. Injini yenyewe ndiyo itakayotuambia, tukiiosha na kuikagua hapa hapa kijijini.

KWANZA, TUTAZAME. Msikimbilie maji. Oili ikivuja huteremka chini, na upepo wa feni huisukuma nyuma. Ndiyo maana sampu huwa chafu hata kama haina kosa. Tafuta mahali pa juu na pa mbele palipolowa, hapo ndipo pa kushuku. Andika kwenye daftari. Ukiosha kabla ya kutazama umefuta ushahidi.

PILI, KUOSHA. Lori lisimame mahali tambarare, magurudumu yawekewe mawe, injini ipoe kabisa. Waya hasi wa betri ufunguliwe. Dinamo, stata na mdomo wa kuvutia hewa vifunikwe kwa nailoni. Tope nene tulikwangue kwa kipande cha mti, kisha tupake mafuta ya taa kwa brashi, tungoje kama dakika 10, tusugue kwa maji ya sabuni na kusuuza kwa maji kidogo. Petroli ni marufuku, maana mvuke wake unawaka kwa cheche moja. Wavuta sigara wakae mbali. Wala asitokee mtu wa kumwagia maji baridi pampu ya dizeli ikiwa ya moto. Vyuma vyake vya ndani vimebanana sana, vikinywea vinakwama, na pampu ile ni ghali. Rejeta ioshwe kutoka upande wa feni kwenda mbele, ili nyasi na wadudu watoke walikoingilia. Maji machafu tuyakinge kwenye madebe, yasije yakaenda kisimani.

TATU, KUKAGUA.

(a) Oili. Weusi peke yake si ugonjwa, dizeli huichafua oili upesi kwa masizi. Lakini ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na injini isiwashwe. Ikiwa nyepesi, inanuka dizeli, na kipimo kimepanda bila mtu kuongeza, dizeli inavujia ndani. Lori likishalala usiku kucha, tulegeze nati ya sampu taratibu. Maji ni mazito kuliko oili, kama yapo yatatangulia kutoka.

(b) Vyuma. Oili ya zamani tuichuje kwa kitambaa cheupe. Vipande vya kung'aa ni dalili mbaya. Tupitishe sumaku ya spika ya redio mbovu: vinavyonata ni chuma, visivyonata vinaweza kuwa vya beringi.

(c) Hewa. Hapa ndipo injini nyingi zinapofia kwenye barabara zetu za vumbi. Mpira unaotoka kwenye chujio kwenda kwenye injini ukiwa na ufa mdogo, vumbi linaingia bila kuchujwa na kula ringi na silinda. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe ni injini nzima.

(d) Pumzi. Injini ikiwa inanguruma polepole, tufungue mfuniko wa kutilia oili. Ikipumua kidogo ni uzee, inavumilika. Ikitoa moshi kwa nguvu mfululizo, ringi zimechoka.

(e) Moshi wa ekzosi. Mweusi: dizeli nyingi au hewa kidogo. Wa bluu: inaunguza oili. Mweupe usiokoma hata injini ikipata moto: dizeli isiyoungua vizuri, au maji yanaingia kwenye silinda.

Baada ya hapo lori liende safari moja fupi bila mzigo, likirudi tulitazame tena. Kwenye injini safi, oili mpya inajionyesha yenyewe.

NNE, UAMUZI. Tukikuta mipira iliyopasuka na gasketi zinazovuja tu, ni matengenezo ya fedha kidogo, na lori litabeba pamba hadi jineri. Tukikuta maji au vipande vya chuma ndani ya oili, lori lisiwashwe, aitwe fundi mwenye vifaa. Ringi zikiwa zimechoka, hapo ndipo tukae, tulinganishe gharama ya kufungua injini na bei ya kuuza lori. Pampu ya dizeli na nozeli tusizifungue wenyewe, zinapimwa kwa mashine.

Naomba mambo matatu. Kura ya kuuza ingoje mpaka ukaguzi uishe. Dereva na utingo wawepo siku hiyo, maana wao wanaijua sauti ya lori kuliko sisi. Na wanachama wawili wasiokuwa wa kamati washike daftari, wakiandika tulichokiona, kibaya na kizuri. Daftari hilo libandikwe hapa ukutani, kila mtu alisome kabla hajanyoosha mkono.

Lori ni mali yetu sote.