Ndege Kuanguka Ikiwa Ardhini: Wajibu Wetu Sisi Majirani wa Kiwanja

(Mazungumzo ya Afisa Habari wa Halmashauri na kamati za vijiji vinavyopakana na kiwanja cha ndege)



Tumezoea kuihofia ndege iliyo angani. Leo naomba tuitazame iliyo ardhini, kwani hiyo ndiyo iliyo mikononi mwetu.

Tarehe 18 Juni 2021, katika uwanja wa Heathrow, London, ndege ya Boeing 787-8 ilikuwa imeegeshwa ikipakiwa mizigo. Ghafla mguu wake wa mbele ulikunjika, pua ikabamiza sakafu. Rubani msaidizi na mpakiaji mmoja walijeruhiwa kidogo.

Chanzo kilikuwa nini? Mafundi walikuwa wakishughulikia hitilafu, na kazi hiyo ilidai wenzo wa miguu uwekwe upande wa kukunja. Pini ya usalama ndiyo iliyopaswa kuuzuia mguu. Pini iliwekwa kweli, lakini katika tundu la jirani. Fundi aliyelijua tundu sahihi hakulifikia kwa kimo chake. Alimwonyesha mwenzake kwa kidole, naye akakosea. Kosa halikubainika hadi mguu ulipokunjika.

Vipo vyanzo vingine. Chuma huchoka na kupata nyufa zisizoonekana kwa macho. Kutu hula viungo. Ndege ikitua kwa kishindo, mguu huweza kudhurika siku hiyo na kuvunjika siku nyingine. Kufuli la mguu huweza kutojifunga sawasawa. Hayo ni ya mafundi na marubani.

Lakini kimoja ni chetu: njia ya kurukia. Gurudumu likitumbukia shimoni au mferejini kwa kasi, mguu husukumwa upande usioumbwa kuhimili. Vivyo hivyo rubani anapolazimika kumkwepa ng'ombe kwa kukata kona kali.

Kwa hiyo nawasihi: tusichimbe udongo kiwanjani, tusipitishe mifugo, na tukiona shimo au mmomonyoko baada ya mvua, tumwarifu Mtendaji wa Kijiji siku hiyo hiyo. Naye aliyepokea taarifa asiridhike kuelekezwa kwa kidole. Afike, aone, ahakikishe. Ndege inayokuja kumchukua mgonjwa haitakuwa na kiwanja kingine cha kuchagua.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.