Haki ya Mfanyakazi Baada ya Saa za Kazi



Katika makampuni mengi ya Marekani, wafanyakazi wapenzi wa jinsia moja na waliobadili jinsia wana vikundi vyao. Katika kampuni ya simu ya AT&T kikundi cha namna hiyo kilianzishwa mwaka 1987. Wanachama wa vikundi hivi hula pamoja, hucheza pamoja, na hujitolea kuihudumia jamii.

Mtu aweza kuuliza: michezo na karamu vinahusianaje na haki? Tutazame kesi ya Gerald Bostock, aliyeratibu huduma za watoto katika Wilaya ya Clayton, jimbo la Georgia. Mwanzoni mwa 2013 alijiunga na ligi ya softiboli ya wapenzi wa jinsia moja. Kwa maelezo yake mahakamani, aliwahimiza wachezaji wenzake wajitolee kuisaidia wilaya hiyo. Kabla ya mwaka kwisha aliachishwa kazi. Waajiri walitaja matumizi ya fedha. Yeye alisema kosa lake ni jinsi alivyo.

Tarehe 15 Juni 2020, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura 6 dhidi ya 3, kwamba sheria ya mwaka 1964 inakataza kumfukuza mfanyakazi kwa sababu hiyo.

Ndugu, mshahara peke yake haumfanyi mtu kuwa mwenzetu. Tujiulize basi: kazini kwetu, ni nani anyamazaye kila Jumatatu, wengine wanaposimulia walivyoshinda Jumapili? Na ananyamaza kwa kumwogopa nani?