Kushuka Mlima kwa Baiskeli
Mazungumzo na wahitimu wa kisomo cha watu wazima, Kibosho



Leo tuzungumze juu ya baiskeli. Huenda mtu akasema, "Baiskeli nayo ni somo? Mbona hata watoto wanaijua?" Ni kweli, kuiendesha wanajua. Lakini kuendesha baiskeli ni jambo moja, na kushuka nayo mlima wetu ni jambo lingine.

Tazameni mahali tunapokaa. Mji wa Moshi uko kama mita 800 juu ya usawa wa bahari. Kibosho tuko juu zaidi, na sehemu za karibu na msitu zinapita mita 1,500. Basi mtu anayetoka huko kwenda mjini anashuka mita mia kadhaa katika safari isiyofika kilomita 20. Wenzetu wa Shinyanga nchi yao ni tambarare. Huko ukiacha kukanyaga pedeli, baiskeli inasimama yenyewe. Kwetu ni kinyume. Ukiacha kukanyaga, ndipo inapokimbia.

Siku hizi bodaboda ni nyingi, lakini baiskeli bado inatufaa. Haili petroli. Inabeba majani ya ng'ombe, maziwa na mikungu ya ndizi. Kwa hiyo sisemi tuiache. Nasema tuishushe kwa akili.

Hesabu ya mwendo

Chukueni kalamu. Baiskeli inayoteremka kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa inakwenda mita ngapi kwa sekunde moja? Kilomita 30 ni mita 30,000. Saa moja ina sekunde 3,600. Gawanyeni. Mtapata mita 8 na zaidi kidogo.

Sasa mtoto anatokea mbele yako. Mpaka umwone, ufikiri, na vidole vikamate breki, sekunde moja imekwisha. Umekwenda mita 8, na bado hujaanza kupunguza mwendo! Ndiyo maana mtu husema, "Sikumwona." Alimwona. Ila alimwona akiwa amekwisha kuchelewa.

Njia ya mkato na njia ya kuzunguka

Nchi yetu imekaa kama vidole vya mkono. Kila kidole ni mgongo wa mlima, na katikati ya vidole kuna makorongo yenye mito. Barabara zetu nyingi zinafuata mgongo, toka juu kwenda chini. Ukitaka kwenda mgongo wa pili una njia mbili. Ya kwanza ni kukata korongoni: unashuka mpaka mtoni, unavuka, unapanda upande wa pili. Ya pili ni kuzunguka kwa barabara.

Watu wanapenda ya kwanza kwa sababu ni fupi. Mwenye maziwa anasema, "Nikizunguka nitachelewa, na maziwa yataharibika." Ana haki ya kusema hivyo, maana maziwa ndiyo ada ya watoto wake. Lakini tupige hesabu tena. Tuseme kuzunguka kunaongeza kilomita 3. Kwa mwendo wa polepole wa kilomita 12 kwa saa, hizo ni dakika 15. Basi aamke dakika 15 mapema. Akianguka korongoni, maziwa yote yamemwagika, na pengine mguu umevunjika. Huo mguu hauponi kwa dakika 15.

Kwa mtu wa miguu njia ya korongo haina neno. Lakini wakati wa masika, kuanzia Machi mpaka Mei, udongo wetu unateleza kama sabuni, na maji huweza kuondoa magogo ya daraja usiku. Mwenye baiskeli azunguke. Kama hana budi kupita korongoni, ashuke aisukume.

Wengine wanaona aibu kusukuma. Aibu ya nini? Mwishoni mwa mwaka 1984 Waingereza wawili, Nicholas Crane na Richard Crane, walifika na baiskeli mpaka kilele cha Kilimanjaro. Palipowashinda kuziendesha, walizisukuma na kuzibeba. Kama hao hawakuona aibu, wewe wa kushuka na majani ya ng'ombe unamwonea nani aibu?

Penye ua wa masale

Vijia vyetu vinapita kati ya vihamba, na kila kihamba kina ua wa masale. Masale yakirefuka, kwenye kona huoni mbele. Na baiskeli haina mlio kama pikipiki. Mama anayepandisha mzigo wa majani kichwani hakuoni wala hakusikii.

Kwa hiyo penye kona piga kengele, punguza mwendo, uwe tayari kusimama. Ukiona wazee au watoto kijiani, shuka uwapishe. Na usiweke muziki masikioni. Masikio ni jicho lako la pili.

Sote tunajua kwamba kwetu sale ni jani la kuombea msamaha. Lakini ni afadhali kupunguza mwendo penye masale kuliko kesho kupeleka sale kwa jirani ambaye umemvunja mtoto wake.

Breki na mzigo

Kabla ya kuondoka, fanya mambo haya:

1. Kamata breki zote mbili, kisha isukume baiskeli mbele. Gurudumu likizunguka, usiondoke. Raba za breki zimekwisha au zimelegea.

2. Funga mzigo katikati ya keria, usitokeze sana pembeni. Mzigo mpana unagonga watu na kunasa kwenye ua.

3. Kumbuka kwamba mzigo mzito unaisukuma baiskeli chini. Breki iliyokutosha ukiwa peke yako haitakutosha ukiwa na gunia.

Njiani, anza kukamata breki kabla ya mteremko, usingoje ufike katikati. Tumia breki zote mbili. Ukikamata ya mbele peke yake kwa nguvu, baiskeli itakurusha kichwa mbele. Mvua ikinyesha, raba na rimu zikiloa, breki hazishiki upesi. Basi anza mapema zaidi.

Tena kuna wale wanaokanyaga tairi kwa kandambili ili kusimama. Jamani, kandambili si breki! Ikichomoka, mguu unaingia kwenye spoku. Raba za breki ni bei ndogo kuliko mguu.

Ukifika barabara kuu

Ukifika chini kwenye barabara ya Moshi na Arusha, mambo ni mengine. Hapo kuna malori na mabasi. Usiingie kwa mwendo wa mteremko. Simama kabisa. Tazama kulia, kushoto, na kulia tena. Kisha vuka ukiisukuma. Ukiendesha, kaa upande wa kushoto, tena mmoja nyuma ya mwingine, si wawili wawili kwa mazungumzo. Usiku uwe na taa mbele na kitu chekundu cha kung'aa nyuma.

Na ninyi mliojifunza kusoma, someni alama. Pembe tatu yenye ukingo mwekundu inaonya juu ya hatari. Palipoandikwa MCHEPUKO, barabara inatengenezwa. Fuata njia uliyoonyeshwa, usijipenyeze kati ya mashimo. Kusoma ni kwa kazi kama hiyo.

Kazi ya kijiji

Mwisho, yapo mambo ambayo mtu mmoja hayawezi. Nayapeleka kwenu myazungumze katika mkutano wa kitongoji. Kwanza, masale ya kwenye kona yapunguzwe mpaka yafike kiunoni. Sisemi yang'olewe, maana ni mipaka ya watu. Yapunguzwe tu, na mwenye kihamba apunguze mwenyewe. Pili, pale mfereji unapokata njia, yawekwe mawe au mbao imara. Tatu, saa za watoto kwenda na kutoka shule, kila mwenye baiskeli au bodaboda akubali kupita taratibu karibu na shule.

Kazi hizo hazihitaji fedha nyingi. Zinahitaji panga, mawe, na siku moja ya kufanya kazi pamoja. Nani ataanza? Aanze yule ambaye kona ya hatari iko mlangoni pake.

Mwenda pole hajikwai.