HOTUBA KWA WAFANYA KAZI WA HOTELI: PIPA NA STOO



Kamati imetutaka tuseme juu ya ununuzi wa vitu vya hoteli. Wengine watadhani hiyo ni kazi ya ofisi, haituhusu. Yatuhusu sana.

Siku hizi hoteli za pwani zimejaa matangazo: mgeni atumie taulo mara mbili, mfanya kazi azime taa. Hatuna ugomvi na hayo. Mifuko ya plastiki nayo ilikatazwa tarehe 28 Agosti, 2017, nasi tukaizoea sheria. Lakini hasara kubwa haiko kwenye taa, iko kwenye bafe. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 yasema kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa chakula tani milioni 1,050, na kama asilimia 28 kilitoka katika hoteli, mikahawa na jikoni nyingine za kulisha watu. Sisi tunaomwaga mapipa usiku tulijua bila ripoti. Aliyeagiza mapapai hakutuuliza wageni wangapi wameondoka asubuhi.

Tena wako ndugu zetu wavuvi. Wakati wa Kusi bahari huchafuka na samaki hupungua, lakini orodha ya chakula haibadiliki, kamba lazima awe mezani. Ndipo kamba wachanga na wenye mayai hupokewa mlango wa nyuma. Wakiliwa hao, mwakani mvuvi atavua nini, nasi tutapika nini?

Hoteli moja tuliyofanya kazi ilikaa miezi minne bila kumlipa mama aliyetuletea mchicha na ndizi. Alipochoka akaacha kuja. Mboga zikaanza kuletwa kwa lori kutoka mbali, nusu zimenyauka, bei juu. Kisha tukaambiwa gharama zimezidi, vibarua wapunguzwe. Deni la mchicha likalipwa na vibarua!

Kwa hiyo safari hii, pamoja na mishahara, tutawaambia waajiri haya: mpishi mmoja na karani mmoja wa stoo wakae katika mkutano wa ununuzi, wauzaji wadogo walipwe kabla ya siku 30, na orodha ya chakula ifuate majira. Watajibu kwamba tunaingilia mambo ya wakubwa. Na wajibu.

Kila tawi lipime mapipa yake kwa juma moja, lilete hesabu kwa Katibu kabla ya mkutano wa mwezi ujao. Makarani wa stoo wasiogope, majina hayataandikwa.