Punda Wako Anapoumwa

Leo nazungumza hasa na wewe ndugu yangu mwenye punda na mkokoteni, wewe unayebeba magunia siku ya mgao na kuni siku nyingine. Mama, mzee, nanyi mkae msikilize, maana punda akilala hapo nje nyumba nzima inalala njaa.

Mwaka juzi punda wetu alianza kuchechemea mguu wa mbele. Baba akasema atapona mwenyewe. Siku ya tatu nikachukua vidonge vile tunavyomeza kichwa kikiuma, nikamchanganyia kwenye pumba. Hakuna kilichobadilika. Ndipo tukamwita kijana mmoja anayezunguka sokoni na sindano. Akasema ana dawa ya farasi, fenilibutazoni, akamchoma shingoni, ndani ya nyama. Baada ya siku chache shingo ikavimba, ngozi ikafa, likabaki shimo ambalo ngumi yangu ingeingia.

Daktari wa mifugo alipofika hakutugombeza, ingawa tulistahili. Alisema dawa yenyewe ni ya kweli, farasi wanapewa sana. Ila hutiwa ndani ya mshipa wa damu au hupewa kwa mdomo. Ikimwagika nje ya mshipa inaunguza nyama. Tena mwili wa punda huiondoa haraka kuliko wa farasi, kwa hiyo kipimo cha farasi hakimfai vilevile. Usijiongezee, wala usichanganye dawa mbili za aina hiyo. Zikizidi zinachimba vidonda tumboni na kuharibu figo, hasa mnyama akiwa na kiu. Na huku kaskazini mwa Kenya, ni mnyama gani hana kiu? Maji kwanza.

Kuna hili pia. Mnyama aliyepewa fenilibutazoni haliwi. Najua wengi wetu hatuli punda, lakini wapo wanaokula, na nyama ikishafika sokoni haisemi ilitibiwa na nini. Dawa hiyo ilianza kutumika kwa binadamu mwaka 1949, kwa maumivu ya viungo, halafu nchi nyingi zikaacha kuwapa watu kwa sababu inaweza kuharibu uboho, pale damu inapotengenezwa.

Sasa turudi kwenye mguu. Daktari alimpa dawa ya kumtuliza, zailazini. Baada ya dakika chache kichwa kikashuka, mdomo wa chini ukalegea, lakini akabaki amesimama. Baba akataka kupita nyuma yake, daktari akamshika mkono: punda aliyetulizwa bado anapiga teke, tena bila kukuonya. Watoto wakaondolewa, kwa sababu kelele zinaweza kumzindua. Akakata kidogo chini ya kwato, usaha mweusi ukatoka. Kumbe siku zote hizo tulikuwa tunamlisha vidonge kwa kitu kilichotaka kisu! Kesho yake akakanyaga. Shingo ilichukua miezi miwili.

Ukiwa na punda aliyepewa dawa hiyo, usimpe chakula mpaka azinduke kabisa, anaweza kukabwa. Na sindano yake ikimchoma mtu kwa bahati mbaya, mpeleke hospitali hapo hapo, hata akisema yuko sawa.

Utajuaje mapema kwamba anaumwa? Punda ni mvumilivu, hapigi kelele kama mbuzi. Angalia masikio yaliyolala, kujitenga na wenzake, kusimama kichwa chini, kula kidogo. Akiacha kula usingoje kama tulivyongoja sisi. Mafuta ya mwili wake yanaingia kwenye damu, na hilo linaweza kumuua kwa siku chache, hasa akiwa mnene au ana mimba. Mwite daktari wa mifugo siku ya kwanza, na umwambie kila dawa uliyompa, hata ile unayoona aibu kuitaja. Mimi vile vidonge vyangu nilivificha mpaka aliponiuliza mara ya pili.

Wiki ijayo tutaongea juu ya mkanda wa mkokoteni na vidonda vya mgongo. Sasa ni muziki.